Sisi wa baiskeli tumewakosea nini?

Jamani watu wa Malindi! Chumvi ya bahari inakula mnyororo, nautia mafuta. Masika ya Aprili yakishika, nakunja suruali napita kwenye madimbwi. Upepo wa kusi ukivuma, nakanyaga kwa nguvu. Hayo ni ya Mungu.

Kisichovumilika ni hizi tuktuk. Inanipita mbio, kisha inakata ghafla mbele yangu kwa sababu ya abiria aliyeinua mkono, gurudumu langu linabakisha upana wa kidole kugusa bampa. Nikikwepa kushoto, ukingo wa lami umemeguka, chini mchanga mtupu. Kulia, bodaboda inanipigia honi. Na nyuma nimefunga ndoo ya samaki! Angalia kioo, ndugu yangu, washa indiketa.