Lokdauni sawa, shida ilikuwa kibali

Juzi tumekaa kibandani kwa muuza chapati hapa Kisenyi, Kampala, mabishano yaleyale yakarudi, kwamba 2020 serikali ilipofunga nchi kwa sababu ya corona ilituokoa ama ilitutesa. Mzee mmoja mwanajeshi mstaafu akasema bila ile lokdauni tungezikana kama Italia. Dada mmoja Mkongo anayeuza vitenge akamjibu, "Mzee wangu, wewe ulikuwa na pensheni." Tulicheka lakini mimi neno hilo liliniganda.

Mzee tumsikilize kwanza. Uganda sisi hatufundishwi mlipuko ni nini. Gulu mwaka 2000 Ebola iliua watu 224, akiwemo daktari Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, kwa hiyo corona ilipothibitishwa tarehe 21 Machi 2020 kwa msafiri aliyetua uwanja wa ndege wa Entebbe, shule zilikuwa zimeshafungwa jana yake, zikafuata teksi (zile matatu zetu) na mabasi, zikafuata magari binafsi, halafu kafyu. Kifo cha kwanza kilitangazwa Julai. Miezi minne! Kwa nchi yenye ICU, vyumba vya wagonjwa mahututi, za kuhesabu kwa vidole hilo si jambo dogo, na anayefaidi zaidi ni maskini, sababu 2021 wimbi la pili lilipokuja tuliona hospitali binafsi zinavyodai mamilioni mtu bado yuko kwenye oksijeni. Kuishi nako ni haki, watetezi wa haki wakati mwingine wanapapita hapo haraka haraka.

Ila sasa angalia amri yenyewe ilivyokaa. Gari lako halitoki bila kibali cha RDC, yule mwakilishi wa rais wilayani, na boda inabeba mzigo tu, mtu hapana. Haya, mama ameshikwa na uchungu saa nane usiku, hana gari wala namba ya RDC, anafanyaje? Kuna waliotembea kwa miguu, kuna waliofia njiani, mpaka Aprili rais mwenyewe akaja kusema wajawazito waende hospitali bila kibali. Kwangu mimi kesi yote iko hapo. Kufunga nchi ni sawa, lakini mlango wa dharura walimwekea mtu mwenye gari na mwenye kujulikana ofisini.

Sasa wengine mtakunja uso, lakini nasema. Tarehe 29 Machi 2020 huko Kyengera polisi walivamia nyumba ya hifadhi ya vijana wa LGBT, wakakamata 23, na 20 kati yao wakapelekwa rumande kwa kosa la uzembe unaoweza kusambaza ugonjwa. Watu wanaishi nyumba moja kwa sababu kwao walifukuzwa, umewaambia kaeni nyumbani, wamekaa, unawakamata kwa kukaa! Mawakili wao wakazuiwa kuwaona gerezani, sababu ikatolewa corona. Mei mashtaka yakafutwa, Juni Mahakama Kuu ikasema haki yao ya wakili ilivunjwa, kila mmoja alipwe shilingi milioni 5. Uwapende usiwapende, Katiba ya 1995 kifungu cha 43 inaruhusu haki zipunguzwe kwa maslahi ya umma, lakini cha 44 kinataja ambazo hazigusiki kabisa, na kusikilizwa kwa haki imo, kutoteswa imo.

Na kuteswa kulikuwepo. LDU, wale mgambo wa jeshi, waliwachapa akina mama wachuuzi katikati ya Kampala mchana kweupe, na Elegu, mpakani na Sudan Kusini, wanawake zaidi ya 30 walivuliwa nguo usiku wakalazimishwa kuogelea kwenye matope. Mzee anasema ni askari wachache na mkuu wa majeshi aliomba radhi. Ni kweli aliomba. Lakini fimbo inaua kirusi gani? (Halafu tunashangaa kwa nini Waganda wengi Kiswahili, lugha ya askari, wanakiona lugha ya kupigiwa.)

Wakimbizi ndio sijui niseme nini. Walikuwa zaidi ya milioni 1.4, na Aprili hiyohiyo 2020 WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ikakata mgao wao wa chakula asilimia 30 kwa kukosa fedha. Hilo si kosa la lokdauni, ila liliangukia juu yake. Na wanaoishi mjini hata huo mgao hawana, wanajitegemea kwa kuhangaika. Serikali ilipogawa posho (unga wa mahindi) kilo 6 na maharage kilo 3 kwa kila mtu Kampala na Wakiso, dada yetu anasema walipomfikia mlangoni wakamwambia wakimbizi chakula chao kiko Nakivale, makazi ya wakimbizi huko magharibi. Nakivale na teksi zimesimama?

Kwenye shule mzee hana jibu. Watoto kama milioni 15, mpaka 10 Januari 2022, kufunga kurefu kuliko nchi yoyote duniani, na wasichana wangapi walirudi na mtoto mgongoni ama hawakurudi kabisa. Mwezi wa kwanza naelewa, miaka karibu miwili siwezi kuitetea.

Nilimuuliza dada alipitaje, maana sokoni waliruhusiwa wauza chakula tu. Akasema aliacha vitenge akaanza kuuza mukene, yaani dagaa. Gunia anampa mtu wa boda, mzigo si ulikuwa unaruhusiwa, yeye anaifuata nyuma kwa miguu.