Benjamin Rush na hesabu ambayo hakuifanya

Wapo wanaomwita Benjamin Rush baba wa utabibu wa Marekani. Mimi namheshimu, na bado sijaweza kumsamehe jambo moja.

Sifa zake ni za kweli. Alizaliwa karibu na Philadelphia mwaka 1746, akamaliza chuo akiwa na miaka 14, akajifunza kazi kwa daktari John Redman, kisha akavuka bahari kwenda Edinburgh, Uskoti, akarudi na shahada ya udaktari. Mwaka 1769, akiwa na miaka 23 tu, alikuwa profesa wa kemia. Alitia saini Azimio la Uhuru wa Marekani la 1776. Aliandika kupinga utumwa, ingawa yeye mwenyewe alimiliki mtumwa, na hilo nalo lisemwe. Kwa miaka 30 alitibu katika Hospitali ya Pennsylvania, akapigania wagonjwa wa akili watolewe kwenye vyumba vya baridi na unyevu, wahudumiwe kama binadamu.

Kisha ukaja mwaka 1793. Homa ya manjano iliingia Philadelphia mwezi Agosti, na hadi Novemba ilikuwa imeua watu wapatao 5,000 katika mji wenye watu kama 50,000. Wenye uwezo walikimbia. Rush alibaki. Alizunguka nyumba hadi nyumba, akamzika dada yake, akaugua mwenyewe, akainuka na kuendelea. Ushujaa huo hakuna wa kumnyang'anya.

Ninachozungumzia ni dawa yake. Aliwapa wagonjwa kalomeli, ambayo ni chumvi ya zebaki, pamoja na jalapa ya kuwaharisha. Halafu akawatoa damu. Sisi wa pwani tunajua kuumika, na tunajua chuku huvuta damu kidogo ya juujuu. Rush alikuwa akipasua mshipa wa mkono na kujaza bakuli, na kesho yake anarudia, huku akiamini kuwa mwili una damu karibu mara mbili ya iliyomo. Mgonjwa akizidiwa, dawa ilikuwa kumtoa nyingine.

Naambiwa tusimhukumu mtu wa kale kwa elimu yetu. Kuhusu mbu anayeeneza homa hii, nakubali: daktari Carlos Finlay alimtaja mbu mwaka 1881, na kikosi cha daktari Walter Reed kikathibitisha mwaka 1900. Lakini kuhusu tiba, njia nyingine ilikuwepo mjini mle mle. Alexander Hamilton, waziri wa fedha wa Marekani, aliugua homa hiyo, akatibiwa na daktari Edward Stevens kwa magome ya mkwinini, divai na maji baridi, akapona. Kule hospitali ya Bush Hill, Jean Devèze, daktari Mfaransa aliyekuwa ameiona homa hii visiwa vya Karibi, aliwatibu wagonjwa kwa upole zaidi. Ilikuwa inawezekana kabisa kuwaweka wagonjwa wa huku na wa kule na kuwahesabu. Rush hakufanya hivyo. Aliyepona alikuwa ushahidi wa dawa. Aliyekufa alikuwa amechelewa kuletwa.

Nimefanya kazi wodini, na maneno hayo nayajua. "Wamemchelewesha." Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine ni sisi, na hakuna anayefungua daftari kutazama.

Waliofungua daftari mwaka ule walikuwa watu ambao hakuna aliyewatarajia. Rush alikuwa ametangaza kuwa watu weusi hawapatwi na homa hii, akawaomba wajitokeze kuuguza na kuzika. Absalom Jones na Richard Allen, wote wawili waliozaliwa utumwani, waliwakusanya wenzao wakaenda. Rush akawafundisha kutoa damu, nao wakaandika kwamba waliwatoa damu watu zaidi ya 800. Ugonjwa ulipopoa wakashutumiwa magazetini kuwa waliwaibia wagonjwa. Jibu lao, lililochapishwa 1794, liliweka hesabu ya mazishi ya watu weusi mezani: 67 mwaka 1792, na 305 mwaka 1793. Namba mbili tu, na nadharia ya profesa ikaanguka. Rush mwenyewe alikiri kuwa katika hilo alikosea. Ninachojiuliza kila mara ni kwa nini kipimo hicho hicho hakukigeuzia bakuli lake la damu. Ilibidi dunia isubiri mpaka miaka ya 1830, daktari Pierre Louis alipokaa Paris akahesabu waliotolewa damu na kuona kuwa faida yake ni ndogo mno kuliko ilivyosifiwa.

Kwa mwalimu, kosa kama hili halibaki kwake. Wanafunzi wapatao 3,000 walipita mikononi mwa Rush, wakatawanyika nchi nzima na visu vyao.

Mwandishi William Cobbett alimkejeli kwa kutumia orodha za vifo, Rush akamshitaki kwa kumchafulia jina, na tarehe 14 Desemba 1799 mahakama ikampa fidia ya dola 5,000. Siku hiyo hiyo, nyumbani kwake Mount Vernon, George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alikufa kwa ugonjwa wa koo baada ya kutolewa zaidi ya lita mbili za damu kwa muda usiofika siku moja. Kati ya madaktari watatu waliokuwa naye, mdogo kuliko wote, Elisha Dick, aliomba wasimtoe zaidi. Alikuwa amesoma kwa Rush. Wenzake hawakumsikiliza, na mwalimu wake aliendelea kufundisha tiba ile ile hadi alipofariki Aprili 1813.