"Sikukusudia" haijazi karai

Asubuhi moja mwezi uliopita, katika kichochoro cha Langoni hapa Lamu, punda aliyebebeshwa mchanga alikuwa akimpisha mwenziwe. Mfuko mmoja ukagonga jiko la mama muuza mahamri. Karai likapinduka. Mafuta yakatiririka mpaka mtaroni, unga uliokwisha kukatwa ukaingia mchanga, na sufuria ya mbaazi za nazi ikamwagika yote. Alhamdulillahi, hakuna aliyeungua.

"Nisamehe mama, sikukusudia. Huyu ni mnyama tu," kijana mwenye punda akasema. Nasi tuliokuwa tukingoja mahamri tukaitikia: ni ajali, ni kadari, msamehe. Mimi nilikuwa mmoja wao. Mama akasamehe, kijana akaswaga punda wake wakenda zao.

Tangu siku ile neno hilo limenikaa kooni. Tunachanganya hatia na dhima. Hatia imo moyoni mwa aliyetenda, na kusudi lisipokuwapo hupungua au huondoka kabisa. Dhima inafuata hasara ya aliyetendwa, na hasara haipungui kwa kuwa mtu alikuwa na nia njema. Msamaha wa yule mama ulifuta hatia. Sisi tukaufanya ufute na deni.

Sheria tuliyorithi kwa Waingereza haiishii kwenye kusudi, huuliza pia uzembe. Mwaka 1932, katika kesi ya Bi Donoghue wa Scotland aliyedai kukuta konokono ndani ya chupa ya kinywaji, jaji Lord Atkin alieleza kuwa unawajibika kumchunga jirani yako, na jirani ni yule ambaye ulipaswa kumfikiria kabla ya kutenda. Kwa kipimo hicho kijana ana la kujibu, maana Langoni nzima inajua nani hukaanga pale. Lakini tuseme alijihadhari kwa kila njia. Sheria hiyo hiyo ingemwacha mama mikono mitupu, na hapo ndipo ninapoachana nayo.

Mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wanasema aliyeharibu mali ya mtu kwa mkono wake hulipa hata kama hakukusudia. Na katika Suratul Anbiyaa, aya ya 78, kuna kondoo walioingia shamba la watu usiku. Wafasiri wanasimulia kuwa Nabii Daud aliamua mwenye shamba apewe kondoo wale. Nabii Suleiman akaona njia nyingine: mwenye shamba atumie maziwa na sufu yao, na mwenye kondoo alihudumie shamba mpaka lirudi lilivyokuwa, kisha kila mtu achukue chake. Hukumu yote inazunguka shamba, namna ya kulirudisha.

Hata wavuvi wetu wanalijua hili. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya mradi wa bandari. Bandari haikujengwa ili kuwaumiza, lakini walioumia ni wao.

Najua nitaambiwa kijana naye ni maskini, atatoa wapi? Ni kweli, na ndiyo maana hukumu ya Suleiman inanigusa. Hakuna haja ya kumnyang'anya punda. Punda yule yule angembebea mama magunia ya makaa na madumu ya maji kwa siku kadhaa, mpaka bei ya mafuta na unga itimie. Nasi tuliokuwa pale, ambao hatukukosa chochote ila chai ya asubuhi, tungeweza kulipanga jambo hilo kwa dakika tano kabla ya kutawanyika.

Kesho yake nilipita saa ile ile. Doa la mafuta lilikuwa bado limetanda kwenye sakafu ya kichochoro, na mafiga matatu yako mahali pake. Mama hakuwapo. Alirudi siku ya nne, na kikarai cha kuazima.