Hela ya mikutano ya mitaa Kigoma: tunaiita posho, ila ndo inayolinda hela nyingine

Kila mwaka ikifika Januari, Februari, madiwani na wakuu wa idara wakiwa kwenye vikao vya bajeti, swali ni lilelile: hiki kifungu cha ushirikishwaji na uhamasishaji wa jamii ni cha nini wakati madawati hayatoshi na mitaro imejaa mchanga? Hapa Kigoma Ujiji swali hilo linauma zaidi kwa sababu manispaa yetu haina migodi wala viwanda vikubwa. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 232,388, na mapato ya ndani tunayategemea sana kwenye masoko, leseni, stendi na mialo, yaani pale mitumbwi inaposhusha samaki. Ziwa Tanganyika likiyumba na sisi tunayumba, mwaka 2024 lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti kila aliyekuwa anaishi kwa dagaa alijua maana yake, sasa ushuru wa mwaloni utatoka wapi kama mwaloni hakuna kitu.

Kwaiyo wanaosema kata hicho kifungu siwaoni kama watu wabaya. Wana hoja na hoja yao ya kwanza ni posho. Tumeshaona warsha nyingi, watu wanasaini karatasi ya mahudhurio, wanakunywa maji ya chupa, wanapiga picha na bango, wanaondoka na bahasha, na mtaani hakuna kilichobadilika. Pili wanasema diwani tumemchagua, kamati ya maendeleo ya kata ipo, Baraza la Madiwani lipo, sasa unataka kumshirikisha mwananchi mara ngapi? Alafu hesabu yenyewe inabana, asilimia 10 ya mapato ya ndani inaenda kwenye mikopo ya vikundi kwa mujibu wa sheria, sehemu nyingine kubwa lazima iende miradi ya maendeleo, kinachobaki ndo kinaendesha ofisi. Ukiwa mweka hazina na umeambiwa upunguze, utapunguza wapi?

Lakini hapo ndo naona watu wanachanganya vitu viwili. Warsha ya ukumbini na mkutano wa mtaa havifanani kabisa, ila kwenye vitabu vinakaa karibu karibu na panga likishuka warsha inapona, maana ina wakubwa wa kuitetea, mkutano wa mtaa ndo unaokatwa. Na mkutano wa mtaa ni hela ndogo jamani. Ni karatasi za notisi, spika ya kukodi, mafuta ya pikipiki ya kupita na kipaza sauti jioni, nakala za taarifa ya mapato na matumizi ili watu wasome wenyewe wasiwe wanasomewa haraka haraka. Hivyo visipokuwepo mtendaji wa mtaa anatoa mfukoni mwake au anaacha. Wengi wanaacha.

Matokeo yake nimeyaona kwenye mtaa mmoja ambao sitautaja. Notisi imeandikwa kwa kalamu, imebandikwa mlangoni kwa mwenyekiti, mkutano Jumanne saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi! Mji huu wengi wanaishi kwa dagaa, mitumbwi inaingia alfajiri, kina mama wanaoanika wako Kibirizi na Katonga juani wanageuza, mkutano anauendea nani? Walikuja wazee na wajumbe wenyewe, wakaorodhesha maji, barabara, zahanati, kama mwaka juzi. Yule mama anayeanika mchangani, ambaye mvua ikinyesha ghafla mzigo wake unaharibika, angesema chanja, yaani kichanja cha kuanikia, na banda la kuhamishia. Hakuulizwa. Na ndo analipa ushuru.

Mtu atasema hayo ni mambo madogo. Sawa, tuje kwenye hela kubwa, na hapa mi naomba tukae kidogo kwa sababu ndo panaponikosesha usingizi. Ile asilimia 10, yaani 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Serikali iliisimamisha mwaka 2023 kwa sababu urejeshaji ulikuwa mbaya na vikundi hewa vilikuwa vimejaa nchini. Iliporudi mwaka 2024 halmashauri 10 zikachaguliwa zijaribu kukopesha kupitia benki, na Kigoma Ujiji ni mojawapo. Wengi tulishangilia, kwamba sasa benki itachuja. Benki itachuja karatasi, hilo nakubali. Lakini kikundi hewa hakionekani kwenye karatasi, kwenye karatasi ndo kinapendeza kuliko vyote, kina katiba, kina muhtasari, kina picha ya wanachama watano wamevaa sare. Anayejua kama hao watano waliwahi kufanya biashara pamoja ni jirani yao wa Gungu au Buzebazeba, na jirani anaongea kwenye mkutano wa mtaa pale majina yanaposomwa hadharani, au anamwambia afisa maendeleo wa kata akipita kwake. Sasa mkutano haupo na afisa hana mafuta. Kwaiyo tumeilinda asilimia 10 kwa sheria, alafu kile kidogo cha kuifanya ifike kwa mwenyewe na irudi tumekiita matumizi mengineyo tukakikata. Mkopo mmoja wa kikundi usiporudi, hela yake ingeendesha mikutano ya mitaa mingapi? Hiyo hesabu sijawahi kusikia ikifanywa kwenye kikao cha bajeti, na hao hao wanaobana kifungu cha mikutano ndo wanalalamika mikopo hairudi.

Na wala sisi sio wageni wa haya mambo. Mwaka 2016 Kigoma Ujiji ilichaguliwa kwenye serikali za mitaa 15 duniani kujaribu mpango wa kimataifa wa kuendesha serikali kwa uwazi, OGP. Mwaka uliofuata Tanzania ikajitoa na sisi tukatoka nayo. Siasa za wakati ule tuziache, ila kusoma mapato na matumizi mbele ya watu hakuhitaji mpango wa dunia, kunahitaji mtu, karatasi na spika.

Kuna hoja moja ya wanaotaka kifungu kikatwe ambayo mi naona ndo nzito kuliko ya posho, na wao wenyewe hawaisemi sana. Kuwauliza watu kila mwaka wanataka nini alafu usirudi kuwaambia imekuwaje ni bora usingewauliza. Fursa na Vikwazo, ule utaratibu wa kuibua miradi toka ngazi ya mtaa, umechosha watu wengi kwa sababu hiyo, waliibua, orodha ikapanda kata, ikapanda manispaa, ikapotelea huko. Porto Alegre kule Brazili walipoanza kupanga bajeti pamoja na watu mwaka 1989 wananchi walikuwa wanagawa hela ya kweli, na mwaka unaofuata wanaona kilichofanyika. Kwaiyo nikisema hela ya ushirikishwaji iongezwe sisemi iongezwe ya kuuliza tu. Mkutano wa pili, wa kurudisha majibu, hiki kimepita, hiki kimekataliwa na sababu ni hii, huo ndo wa kutengewa hela kwanza. Ukikosekana huo, nitakubaliana na wanaosema kifungu kifutwe.

Kwa bajeti inayokuja madiwani wetu wangeanza hivi: hela ya mikutano ya mitaa itengwe kwenye kifungu chake peke yake, isichanganywe na warsha, na iwe inasomeka kwa kila mtaa ili mwenyekiti ajue ya kwake ni shilingi ngapi. Na ratiba ipangwe jioni, kwa mitaa ya ziwani ipangwe siku za mbalamwezi, wakati mitumbwi imelala na watu wote wako nyumbani.