Mkono wa Bandia Hauanzi Siku Unapovalishwa

Kaka yangu mkubwa alipoteza mkono wa kulia, chini kidogo ya kiwiko, baada ya kunaswa na mkanda wa mashine ya kusaga. Mwaka uliofuata alipewa mkono wa bandia bila malipo, akapigwa picha, akaoneshwa kwa nusu saa namna ya kuuvaa, kisha akaruhusiwa kurudi nyumbani Igoma, Mwanza. Mkono huo ulikaa ndani ya kiroba nyuma ya mlango kwa miezi minane. Ndugu tulimwona mvivu, na hilo linanisikitisha hadi leo, kwa sababu kosa halikuwa lake, bali la utaratibu unaohesabu mikono iliyogawiwa bila kuhesabu siku za kufundishwa kuitumia.

Mkono wenyewe huendeshwa na mwili. Una kikombe kinachovaliwa juu ya kigutu, ndoana ya chuma yenye pande mbili, na waya unaopita mgongoni hadi kwenye mkanda uliozungushwa bega la pili. Anayeuvaa akipeleka mkono mbele na kutanua mabega, waya hukaza na ndoana hufunguka. Akilegeza, mipira ya kuvutika huifunga, na kila mpira huongeza takriban nusu kilo ya nguvu ya kubana. Kusoma maelezo haya ni rahisi, lakini bega lililokaa miezi bila kazi huwa limekakamaa, na kigutu huvimba na kuuma kikiguswa. Ndiyo maana kazi ya mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, inapaswa kuanza kabla mkono haujafika: kufunga kigutu kwa bandeji ya kuvutika, ikibana zaidi nchani na kulegea kadiri inavyopanda, kukisugua kwa pamba, kisha kitambaa, kisha taulo, hadi ngozi izoee, na kunyoosha kiwiko na bega kila siku. Hata maumivu ya vidole ambavyo havipo tena, ambayo kaka aliogopa kuyataja asije akadhaniwa amerogwa, yanafahamika kitabibu.

Mapitio ya tafiti ya watafiti Elaine Biddiss na Tom Chau, yaliyochapishwa mwaka 2007, yalionesha kuwa kwa wastani watu wazima 26 kati ya 100 waliopewa mikono ya aina hii waliiacha, na watoto 45 kati ya 100. Uzito na joto ni miongoni mwa sababu. Hata hivyo, kwetu Kanda ya Ziwa, ambako watoto wenye ualbino wamewahi kukatwa mikono, hesabu hiyo ya watoto inaniumiza zaidi, kwa kuwa mtoto hukua, kikombe kikambana, naye akahitaji kingine pamoja na mafunzo mengine.

Kaka alipompata mtaalamu aliyekuwa na muda naye, swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa nyumbani anafanya nini kwa mikono. Kuanzia wiki ya tatu walimenya viazi vitamu. Kiazi kilimponyoka mara nyingi, kwa sababu alikifuata kwa kupinda kiwiliwili chote. "Kaka, geuza ndoana kwanza, ndipo ushike," dada yule mtaalamu alimwambia, na asubuhi nzima ilipita katika jambo hilo moja. Ndoana haina hisia, hivyo ilimbidi ajifunze kupima kwa jicho kile ambacho zamani alikipima kwa ncha za vidole. Baadaye walihamia kwenye magunia ya dagaa, kwa kuwa ndiyo kazi aliyotaka kuifanya pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, na sasa hufunga kamba za gunia bila kutumia meno.

Kwa hiyo naomba wafadhili na hospitali zetu wasiuhesabu mkono kuwa umetolewa hadi mazoezi nayo yawe yametengewa fedha, pamoja na nauli na malazi ya mtu anayekuja Mwanza kwa meli kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, ambaye hawezi kwenda na kurudi kila wiki kwa fedha ya mfukoni mwake.