Chipu kwa vifaranga wa samaki: mapema au baadaye?

Anayetetea chipu za utambulisho kwa vifaranga wa samaki huanza na hesabu ya waliobaki hai, na mara nyingi hesabu hiyo humpa haki. Chipu ya kawaida, kidude chenye namba ya pekee ya samaki, ina urefu wa milimita 12 na uzito wa takriban gramu 0.1. Haina betri; huamshwa na mawimbi ya kifaa cha kusomea, ndiyo maana inaweza kudumu maisha yote ya samaki. Kifaranga hulazwa kwa dawa ya usingizi, mafuta ya karafuu kwa mfano, huchomwa sindano nene au hupasuliwa kidogo tumboni, chipu ikasukumwa ndani, kisha anarudishwa majini. Siku za mwanzo hali chakula vizuri na ukuaji husuasua, lakini wengi baadaye huwafikia wenzao.

Nalikubali hilo kwa samaki aliyekwisha kukua kiasi. Ipo kanuni ya zamani kwamba chipu isizidi asilimia 2 ya uzito wa samaki, yaani kwa gramu 0.1 kifaranga awe na gramu 5 au zaidi. Si amri. Aina ya samaki, joto la maji (baridi huchelewesha kidonda kupona) na wepesi wa mkono wa mchomaji vyote vina neno. Tatizo ni kwamba wastani mzuri wa kundi huwaficha wadogo, na vifo na chipu zinazochomoka kupitia kidonda huwapata wao zaidi.

Kwa mfugaji wa kawaida hiyo ni hasara ndogo. Kwa anayechagua wazazi wa kizazi kijacho ni balaa: wadogo wakitoweka kwenye rekodi, familia inayokua taratibu itaonekana bora kuliko ilivyo.

Basi tusubiri wakue? Kabla ya chipu, kila familia lazima ikae kwenye tangi au wavu wake, la sivyo hazitambulikani. Kadiri zinavyokaa humo, ndivyo msongamano, maji na chakula cha tangi hilo vinavyoathiri ukuaji, na baadaye tofauti hiyo inasomeka kana kwamba ni ya damu. Vipimo vya DNA huruhusu familia kuchanganywa mapema, ila majibu hutoka maabara, na mtu aliyeshika mizani bwawani anataka namba ya samaki papo hapo.

Mimi naegemea kuweka chipu mapema kadiri mwili unavyoruhusu, na kwa wadogo zitumike zile za milimita 8. Lakini madai ya usalama siyapokei bila makundi mawili ya kulinganisha: waliolazwa na kushikwa tu, na waliochomwa bila kuwekewa chipu. Kila aliyewekewa akatwe pia ncha ya pezi. Bila alama hiyo, samaki aliyeangusha chipu akiwa mzima huhesabiwa kuwa amekufa.