Fulana nyeupe haihesabu ndege

Fulana za kujitolea ninazo tano. Zote nilizipata hapa hapa Bagamoyo, kwenye kuokota plastiki ufukweni na kupanda mikoko. Tunapiga picha, tunakunywa soda, tunatawanyika. Sisemi plastiki iachwe. Ila ndege wa pwani wanamhitaji mtu wa namna nyingine, yule anayerudi pale pale mara ya ishirini bila kuitwa.

Hilo nililijua Nunge, kwenye mashamba ya chumvi. Maji yakipwa, vitwitwi na sululu hutapakaa kwenye tope mbele ya mikoko wakidonoa vijikaa na minyoo, na hata uwe na macho ya mwewe huwawezi. Subiri bamvua, yale maji makubwa. Bahari ikijaa na tope likazama, wote husogea kwenye kingo za mashamba, wakasimama kwa mguu mmoja, wamebanana. Hapo ndipo pa kuwahesabu, kabla maji hayajaanza kurudi.

Siku ya kwanza nilikwenda na darubini ya kuazima na fulana mpya, nyeupe pe. Sijakaribia hata ukingo, kundi zima likaruka. Mzee mmoja aliyekuwa akikusanya chumvi akaniangalia. Nikamwamkia.

"Marahaba. Mwanangu, kwa nguo hiyo utaishia kuona migongo. Kaa nyuma ya lile rundo la chumvi, angalau mtafanana."

Walirudi. Akanionyesha wale wadogo wenye mdomo uliopinda. "Wakianza kuwa wekundu, ujue wanaaga." Ndivyo ilivyo: ndege huyo ana uzito wa gramu 60 hivi, na karibu na Aprili hujivika wekundu akaelekea Siberia kutaga. Mzee hajawahi kuisikia Siberia, lakini safari yao anaijua kwa rangi.

Kuhesabu kwenyewe ni kazi ya subira. Unahesabu kumi mmoja mmoja, unakariri nafasi wanayochukua, kisha unalipima kundi kwa makumi hayo. Hesabu zangu mbili za mwanzo zilipishana kwa zaidi ya mia. Niliona haya, nikaziandika zote.

Kwa nini tusumbuke? Mkataba wa Ramsar wa mwaka 1971 unaipa ardhi oevu uzito wa kimataifa ikiwa mara kwa mara inabeba ndege wa majini 20,000, au asilimia 1 ya ndege wa aina moja wa ukanda mmoja. Sasa aje mtu anayetaka kufukia mikoko ajenge hoteli, aseme pale hapana kitu. Utamjibu kwa fulana?

Kuna sensa ya ndege wa majini kila Januari barani Afrika, na ni jambo jema. Kinachonikera ni kuona wageni wanashuka garini na darubini za miguu mitatu, wanampita mzee kama kigingi. Mimi ningeanza naye. Tena ningemlipa, maana kibarua anayeacha chumvi yake akuhesabie ndege anapoteza ujira. Wenye mishahara kama mimi ndio tujitolee bure. Kujitolea si kujitoa mhanga.

Mwezi ukiandama ni bamvua tena. Darubini bado ya kuazima, ila shati nimeshapata, la rangi ya tope.